Mkono wa Kuvaa Dira

Karakana,
4 Machi

Chura wangu,

Marahaba. Najua hujaniamkia bado, lakini barua yako itaanza na shikamoo, kwa hiyo naitikia mapema tusipoteze karatasi.

Huku wazima. Mama yako alilia ulipoondoka, kisha akahamishia cherehani yake chumbani kwako kabla kitanda hakijapoa. Mimi sikulia. Nilikaa mezani nikafanya kazi, na matunda yake ndiyo hayo kwenye kifurushi. Kwa kuwa simu zenu wamezifungia ofisini hadi mafunzo yaishe, itabidi unisome kwa kalamu na uvumilie mwandiko.

Cha kwanza ni dira. Unaijua. Ndiyo ile iliyokuwa ikining'inia juu ya meza yangu, uliyokatazwa kuigusa ukaigusa. Nimeibadilishia mafuta, nimesugua kioo mpaka unaweza kujipakia wanja humo, na nimeitia ukanda mpya. Ule uzi niliokuzungushia mkononi asubuhi ya safari, ukadhani nakupimia bangili, ulikuwa wa kupimia matundu ya ukanda huu.

Cha pili ni tochi, na hiyo hutaiona kwa mtu mwingine kwa sababu nimeibuni mwenyewe. Tochi zote za kuzamia hufa kwa ugonjwa mmoja: maji hupenya kwenye swichi. Hii haina tundu la swichi. Unazungusha pete ya nje, sumaku iliyo ndani ya pete inavuta kichuma kilicho ndani ya tochi, taa inawaka. Maji yapite wapi? Na mpini nimeuchonga kwa vidole vyako vya mkono wa kushoto. Unalikumbuka bonge la udongo nililokupa ulifinye, ukaniuliza la nini? Ndilo hilo.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe, maana najua watakuvuruga kichwa: dira inakaa wapi. Kuna watakaokuambia uitie kwenye paneli pamoja na geji ya hewa, ining'inie ubavuni kama kengele ya mbuzi. Kila ukitaka kuisoma uivue kama samaki. Kuna watakaoipachika kwenye ubao wa kushika kwa mikono miwili. Haya, ukikiona ulichokifuata utakishika kwa meno? Na kuna wa kamba ya kujivuta, wanaobana dira kifuani kama kitambulisho cha karani, wakiivuta inakuja upande, na wao wanakwenda upande.

Wewe vaa mkononi. Mkono wa kushoto. Kushoto hubeba, kulia hufanya. Tochi kushoto, dira kushoto, mkono wa kulia uwe huru kupapasa njia na kukamata. Hivyo ndivyo nilivyozamia miaka yote niliyookota nanga na injini za watu, na sikupotea hata siku moja.

Unajua ninachokisubiri. Kikosi cha uokoaji kinachukua wanaofaulu jaribio la dira tu, na anayekosa mara mbili anarudishwa kwao. Mimi nilirudishwa kabla ya kujaribu, sikio lilipopasuka wiki ya kwanza. Tangu hapo wazamiaji wa kikosi hicho wote wamepitia mezani kwangu na vifaa vyao, na hata mmoja hakuwa wa damu yangu. Nenda ukawe.

Baba yako,
Fundi


Kambini, bwawani,
13 Machi

Shikamoo Baba,

Najua umeshaitikia, lakini chukua na hii.

Kifurushi kimefika. Nilikifungua kitandani, bweni zima likakusanyika. Tochi ilipowaka, mwenzetu tunayemwita Bondia, aliyekuwa amelala kitanda cha mwisho, aliamka akidhani ni gari la wakaguzi. Wameipokezana hadi nikaanza kuwa na wivu. Mpini unaingia kiganjani mwangu kama tumezaliwa pamoja, na kila aliyejaribu kuushika anasema unamkataa. Nikawaambia ndiyo, umefundishwa.

Kuhusu dira, ulichosema ndicho kilichotokea. Bondia anatumia ubao. Mrefu ana paneli, naye kwa urefu wake geji zinampiga magotini. Karani, aliyekuwa posta kabla ya kuja hapa, ana kamba ya kujivuta, na nilipomwambia kwamba baba yangu ameifananisha na kitambulisho cha karani, alinuna mpaka chakula cha mchana. Wanabishana kila siku nani amepatia. Mwalimu wetu, mama mfupi mwenye sauti ya honi, hasuluhishi. Anasema tu, “Dira haina kwake mwilini. Kila mtu aitafutie pake, na atakayekosa akatafute kazi nyingine.”

Mazoezi ya nchi kavu tumeyafanya uwanjani, taulo kichwani, unaona dira yako tu. Niliikaza kushoto, nikaweka mstari wake sawa na kifua changu kama ulivyonifundisha uani, nikatembea. Lengo lilikuwa mlingoti, nikaugusa kwa pua. Karani aligonga ukuta wa choo. Wakaniuliza nimefundishwa na nani. Nikasema, Fundi. Baba, nililitamka jina hilo kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Kwenye jaribio lenyewe kuna mtu tunayemtafuta chini ya maji. Ni gunia la mchanga lililovishwa koti kuukuu, na sote tunamwita Bwana Harusi, kwa kuwa hakuna bwana harusi aliyewahi kutafutwa na wanawake na wanaume wengi hivi. Unaanzia gatini, unapewa uelekeo, unazama, unamfikia, unamfunga kwa ndoano kiunoni, unageuza uelekeo na kurudi naye pale pale gatini. Huruhusiwi kuchungulia juu hata mara moja.

Mwambie Mama asiguse masanduku yangu yaliyo chini ya kitanda.

Binti yako,
Chura


Kambini,
22 Machi

Shikamoo Baba,

Natumaini mu wazima. Mimi mzima.

Jaribio la dira tulifanya jana. Maji ya bwawa hili ni mazito, rangi ya chai iliyolala, ukinyoosha mkono huoni vidole vyako. Mwalimu aliitazama dira yako kabla sijaingia, akasema ni nzuri kuliko zote kambini. Tochi nayo ilimulika kuliko za wengine.

Chakula ni kabichi. Asubuhi hatuli kabichi, lakini tunasikia harufu ya itakayoliwa mchana. Mchana inakuja imekatwa nyembamba, jioni inakuja imekatwa nene, na Mrefu anaamini ni ile ile imejiunga tena. Mpishi ni mtu mwema na anaimba vizuri. Ana masufuria makubwa sana, anayaosha bwawani kwenye ngazi za upande wa jikoni, na ukimsalimia anakuongezea. Mimi napenda ile nene. Juzi aliweka karoti, tukapiga makofi.

Wasalimie wote. Nitaandika tena.

Chura


Karakana,
27 Machi

Mwanangu, mwanangu, Chura wa bwawa kubwa!

Marahaba, marahaba na nusu!

Barua yako niliisomea mlangoni nikiwa nimesimama. Nilipofika “jaribio la dira tulifanya jana” nikavua kofia. Nikasoma tena hapo Mwalimu anaposema dira ni nzuri kuliko zote. Hukuandika “nimefaulu” kwa sababu hujisifu, hiyo tabia umeichukua kwa mama yako. Kwangu mimi usingeichukua, haipo. Basi nikajisifu kwa niaba yako.

Nilianzia kwa kinyozi. Unajua ukimwambia kinyozi jambo asubuhi, mchana linakurudia limeongezewa ndevu. Amechukua kipande cha boksi, ameandika kwa wino mwekundu: HAPA HUNYOLEWA BABA WA MZAMIAJI WA KIKOSI. Amekibandika juu ya kioo. Wateja wanakuja kunyolewa, wanakisoma kinyumenyume kwenye kioo cha ukuta wa pili, wanauliza, anaeleza. Yule mwenye duka la baiskeli, aliyewahi kusema mtoto wa kike na mtungi wa hewa ni wapi na wapi, nimemkaribisha aje anyolewe kwa gharama yangu. Hajaja. Nasubiri.

Siku ya kiapo nitakuja na koti langu. Mama yako analipunguza kiuno, ingawa mimi naona lilikuwa sawa. Nataka siku hiyo ukunje mkono wa shati, kushoto, watu waione dira. Wakikuuliza, waambie kushoto hubeba, kulia hufanya. Mcheza kwao hutunzwa, na sisi tutakutunza.

Baba yako,
Fundi


Nyumbani,
27 Machi

Mwanangu,

Naandikia kwenye karatasi ya kukatia mitindo, usijali hiyo mistari ya kola. Barua hii nimeituma peke yake, baba yako haijui.

Baba yako anatembea mtaani kifua mbele kama jogoo aliyepanda juu ya bati. Ana furaha ambayo sijaiona tangu tuoane, na siku ya kuoana alikuwa na homa. Kwa hiyo nimenyamaza. Lakini nimeisoma barua yako na mimi.

Mistari miwili ya jaribio, ukurasa mzima wa kabichi. Chura, mimi ndiye niliyekuzaa. Ulipovunja bakuli la wageni ukiwa darasa la pili, ulinisimulia habari za paka wa jirani mpaka giza likaingia, paka huyu anatembeaje, paka huyu anapenda nini. Sasa niambie, hiyo kabichi imefunika bakuli gani?

Niambie mimi. Na kama koleo limevunjika, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Mama yako


Kambini,
3 Aprili

Shikamoo Mama,

Nilitokea jikoni.

Ndiyo hivyo. Nilizama gatini na uelekeo sahihi, dira kushoto, tochi kushoto, mkono wa kulia unapapasa. Nikaogelea nikiwa na uhakika wote wa ukoo wetu. Sikumgusa Bwana Harusi. Niliendelea tu, mpaka kichwa kikagonga kitu kigumu, nikaibuka, na kumbe ni ngazi za jikoni na kile kitu ni sufuria. Mpishi alinitazama na povu mikononi, akasema kwa upole kabisa, “Dada, hapa tunaosha vyombo. Mchumba wako yuko kule.”

Gati zima lilicheka. Mama, mimi nilikuwa nimemcheka Karani kwa ukuta wa choo. Karani alifaulu.

Nilipotaka kumwandikia Baba, kalamu ilifika kwenye neno “nimekosa” ikakataa. Nikaandika kabichi. Sasa kinyozi amebandika boksi, na mimi nina nafasi moja iliyobaki, tarehe 16. Nikikosa narudi nyumbani, na sijui Baba atapita mtaa gani.

Niliona aibu nikadhani kosa ni langu. Halafu nikadhani ni mkono. Nikaazima ubao wa Bondia, nikaukamata kwa mikono miwili na tochi yangu humo humo, nikazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Nikaazima paneli ya Mrefu, ikaniburuza. Nikaazima kamba ya Karani, dira mkono wa kulia, tochi kushoto mbali nayo, na siku hiyo nilikwenda vizuri kidogo, ila dira ilikuwa inayumba kwenye kamba yake. Nikashangaa. Kwa nini kitu kinachoyumba kinifikishe, na kilichokazwa kinipoteze?

Nikapata jibu bwenini, mchana, nakunja nguo. Dira ilikuwa kitandani. Nikaitua tochi kando yake. Mama, sindano iligeuka ikaitazama tochi kama mtoto aliyeitwa jina lake. Nikaizungusha tochi, ikaifuata. Ni ile sumaku ya kwenye pete. Uwanjani mchana sikuwa na tochi, ndiyo maana niligusa mlingoti. Majini nilikuwa navaa dira na tochi mkono mmoja, kama Baba alivyoniagiza, na kila nilipodhani nafuata kaskazini nilikuwa nafuata tochi.

Tochi ya Baba ni nzuri. Dira ya Baba ni nzuri. Ila vikikaa mkono mmoja havipikiki chungu kimoja.

Nilimwonyesha Mwalimu. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanipa tochi ya kambi, ya swichi ya kawaida, nitumie hiyo na mambo yaishe. Nikaikataa. Nikamwambia vitu hivi viwili vimetoka mkono mmoja na nitavitafutia pa kukaa pamoja. Akasema, “Hicho ni kiburi.” Nikasema, “Ndiyo Mwalimu, cha ukoo.” Akaondoka akitikisa kichwa, lakini hakunikataza.

Pa kukaa nimepapata. Tochi haiwezi kuhama, mpini wake ni wa vidole vyangu vya kushoto. Dira ndiyo ihame. Nanyoosha mkono wa kushoto mbele na tochi, wa kulia unakuja kushika kiwiko cha kushoto, na dira ikiwa kifundoni mwa mkono wa kulia inakaa mbele ya macho yangu, na urefu wote wa mkono uko katikati yake na sumaku. Nimejaribu kwenye maji ya kina kifupi, sindano inatulia. Shida ni ukanda. Mkono wangu wa kulia ni mnene kuliko wa kushoto, na juu yake kuna nguo ya kuzamia, kwa hiyo tundu la mwisho halifiki. Nimeunga kwa kamba ya kiatu. Inateleza, na dira ikiteleza mstari unapinda, na mstari ukipinda narudi jikoni.

Usimwambie Baba. Si kwamba namwogopa. Ile tochi aliibuni kwa furaha, na sitaki ajue kwamba ndiyo iliyonipeleka kwenye sufuria.

Chura wako


Karakana,
9 Aprili

Chura,

Marahaba. Barua hii itakuwa fupi, kazi zimenizidi.

Mama yako ameanza kuniuliza maswali ya ajabu. Juzi tunakula, ananiambia, “Baba Chura, hivi sumaku na dira vinaelewana?” Nikamwambia, mke wangu, hilo hata mtoto wa shule ya msingi analijua, ukiweka sumaku karibu na dira... Kijiko kikanibaki mdomoni. Yeye akaendelea kula. Akaniongezea mchuzi.

Basi. Nilitaka kukueleza kuhusu mteja wangu mmoja, humjui. Ana tochi kama yako na dira kama yako, na alikuwa anavivaa mkono mmoja kwa ushauri wa fundi fulani mwenye mdomo mrefu. Nilivipima mezani. Kwenye urefu wa kiganja sindano inalewa. Kwenye urefu wa kiwiko mpaka kifundo inapata akili zake. Nimemshauri dira aihamishie kulia. Angeweza kununua tochi nyingine, zipo nyingi na ni rahisi, lakini nasikia ni mtu mkaidi, hataki kuiacha aliyonayo. Nimempenda kwa ukaidi wake.

Katika kumshughulikia nimejikuta na ukanda umebaki mezani, mrefu kidogo, wa mkono wa kulia. Mimi hautanifaa. Nimeutia kwenye bahasha. Kama hapo kambini kuna mtu unayemjua anayeuhitaji, mpe. Upande wa ndani nimeushonea raba niliyoikata kwenye mkono wa nguo yangu ya zamani ya kuzamia, ili usiteleze. Ile nguo haikuwa na kazi nyingine. Kipimo nimepewa na mama yako kutoka kichwani, bila kuniuliza cha nini, na wewe unajua yule ni mtu wa kuuliza.

Kinyozi nimemwambia ageuze lile boksi lake kwa muda. Nimemwambia wino mwekundu unaumiza macho.

Ukiwa majini usiniwaze mimi. Angalia sindano.

Fundi


Kambini,
17 Aprili

Shikamoo Baba!

Shikamoo tena, na tena!

NIMEFAULU. Nimeliandika kwa herufi kubwa, usije ukasema sijisifu.

Ilikuwa mara yangu ya pili, Baba. Ya kwanza nilitokea jikoni na sikukuambia. Nadhani wajua. Ukanda wa mteja wako ulinifika tarehe 14. Niliufunga, bizimu ikaingia tundu la katikati, sawasawa, na ile raba ikanishika kama mtu aliyenishika mkono kunivusha barabara. Nikajua imetoka wapi kabla sijamaliza kusoma.

Jana asubuhi nilizama. Mkono wa kushoto mbele na tochi, wa kulia umeshika kiwiko, dira mbele ya macho. Maji yalikuwa machafu kuliko siku ya kwanza kwa sababu mvua ilinyesha. Mwanga wa tochi ulikuwa unaishia pale pale mbele ya vidole, ukuta wa kahawia, na hakuna kingine duniani isipokuwa pumzi zangu na ile sindano. Sindano haikutikisika. Niliogopa, Baba, nakuambia ukweli. Nilikuwa nahisi kabisa kwamba nakwenda kushoto, mwili mzima unaniambia kushoto, kushoto. Sindano ikasema sivyo. Nikachagua kuamini mkono wako na kuukataa mwili wangu.

Nikamgonga Bwana Harusi kifuani. Nilimkumbatia kweli, hata kama ni mchanga. Nikamfunga kiunoni, nikageuza uelekeo, na hapo akaanza ukaidi, ananivuta chini na pembeni kama bwana harusi aliyebadili mawazo. Kila aliponivuta nilirudisha sindano kwenye mstari wake. Mapaja yaliwaka moto.

Sasa sikiliza. Niliibuka, nikashika chuma, ni ngazi ya gati. Nikatazama juu, naona visigino. Wote walikuwa wamenipa mgongo! Mwalimu, Bondia, Mrefu, Karani, kambi nzima inatazama upande wa jikoni kunisubiri, na mpishi kule amesimama na sufuria tayari. Nikamgonga Mwalimu kwenye kiatu. Nikasema, “Mwalimu, samahani, huyu mtu ni wenu?”

Aliruka. Kisha akachuchumaa pale pale gatini, akanishika mkono wa kulia, akautazama ukanda, akaitazama tochi. Mchana aliniita mbele ya darasa nikaeleza kwa nini tochi yenye sumaku haikai na dira mkono mmoja, na jinsi ya kuvikalisha vikapatana. Nilieleza kila kitu, pamoja na sufuria. Sasa wenzangu mkao ule wanauita kuvaa kifundi, na Karani ametupa kamba yake ya kujivuta. Mwalimu anauliza kama unaweza kuwatengenezea kikosi tochi kama ile. Anasema hajaona mwanga kama huo kwenye maji ya namna hii.

Baba, watu wote hapa wana vifaa vya dukani. Mimi ndiye pekee niliyeingia majini nimevaa baba yangu mikono yote miwili.

Kiapo ni tarehe 6 Mei, asubuhi. Njoo na koti. Mwambie Mama asante kwa lile swali.

Binti yako, mzamiaji wa kikosi,
Chura


Karakana,
22 Aprili

Mzamiaji wa kikosi,

Marahaba. Nimeisoma barua yako nikiwa nimekaa, maana mara hii nilijifunza.

Nilisoma, nikafunga karakana, nikaenda uani, nikalia. Mama yako alinikuta. Nilimwambia ni vumbi la msasa. Akaniambia, “Baba Chura, msasa uko ndani,” akaleta kigoda chake akakaa kando yangu, tukakaa hivyo.

Tochi za kikosi nimeshaanza kuzitengeneza. Kila moja naibandikia karatasi ndogo kwenye mpini: USIVAE MKONO MMOJA NA DIRA. Hata za wateja wa hapa mtaani. Wanasoma, wananiuliza, kwani Fundi, ina ubaya gani? Nawaambia, sumaku yake inapotosha dira, mimi mwenyewe nilikosea, na aliyegundua ni binti yangu, yuko kikosini, alizama kwenye maji usiyoona kiganja, akaitafutia dira pake. Napenda nikifika hapo. Mwenye duka la baiskeli amenunua mbili, na wala hazamii.

Leo nilikuwa kwa kinyozi. Boksi limerudi juu ya kioo, limeandikwa upya kwa wino wa buluu. Nilimsimulia tena, hatua kwa hatua, mpaka sufuria. Akasimamisha mkasi. Akasema, “Fundi, nimekunyoa miaka yote hii, leo ndiyo mara ya kwanza nakusikia unajivunia kosa lako.” Nikamwambia kata nywele.

Koti liko tayari. Mama yako alikuwa sahihi kuhusu kiuno.

Kuna jambo moja. Nilikuagiza siku ya kiapo ukunje mkono wa kushoto watu waione dira. Agizo hilo nalifuta. Nilikuwa nanyoosha mikono ya koti mbele ya kioo, nikifikiria mtakavyosimama, na ndipo nikakumbuka kwamba mkono unaoinuliwa wakati wa kiapo ni wa kulia, ule ule unaovaa dira sasa.

Usikunje kitu. Uinue tu. Mimi na mama yako tutakuwa safu ya mbele.

Baba wa Chura,
Fundi